Mtu Hajisifu, Husifiwa

Zuhura mjukuu wangu,

Sie huku Temeke wazima. Uvimbe wa mguu wa babu yako umeanza kunywea, mama yako bado yuko na vitumbua vyake, na shangazi yako Mwajuma anakusalimu, anasema kwenye picha umekonda.

Umeniuliza ujieleze vipi kwenye huo usaili wako wa kazi, wakikuuliza kwa Kiingereza wewe ni mtu wa namna gani. Yalinikuta na mie, hoteli zilipoanza kuota kule Mbezi Beach. Nilikwenda kuomba kazi ya usafi na shoga yangu Tatu. Kaka yake alitufundisha: honest ni mwaminifu, hardworking ni mchapakazi. Nilikariri hata nikisonga ugali.

Tukaingizwa pamoja. Meneja akaanza na mie. Haya ikanishika, nilivyolelewa, mtu hajisifu, husifiwa. Nikamshika Tatu mkono, nikasema, "Huyu honest. Hardworking sana." Nikangoja naye anisifu.

Tatu akajibu, "Yes, kama alivyosema mwenzangu." Akachukuliwa yeye.

Nje akaniambia, "Shoga, si ungejisemea? Ulidhani tumekuja kuposwa?"

Nikacheka naye. Uchungu ulikuja baadaye, na haujaondoka hadi leo. Kazi nilizoea kuzikosa. Neno moja tu angenisemea, lingempunguzia nini?

Nawe nimekulea kwa haya hiyohiyo, ndiyo maana naogopa nawe utakwama kwenye usaili. Basi nakusifu mie hapa: u mwaminifu, mchapakazi, hukati tamaa. Ukiyasema hayo hujisifu, unarudia maneno ya bibi yako. Nijibu upesi, nijue kama ulithubutu kufungua mdomo.

Bibi yako