Kufuli Kwenye Tangi

Jumatatu, 1 Septemba

Nimewasha injini ya kusagia mapema. Ilikataa, kisha ikakubali. Mahindi mapya yameanza kuingia, mengine bado mabichi, yanaziba kisiagi. Foleni mpaka barabarani. Kabla ya kazi nilimwaga pumba chini ya injini kama kawaida, sakafu isiteleze. Jioni nikafagia, nikamwaga nje. Mgongo unauma. Hapa Lubao wananiita Mombasa. Kwetu ni Garsen. Mombasa nimepita tu, ndani ya basi. Nimechoka kueleza.

Jumanne, 2 Septemba

Mama Ayuma, mwenye kisiagi, ametia kijiti kwenye tangi. Dizeli imepungua kuliko kazi iliyofanywa. Alinitazama, akamwita Fundi Wekesa, aliyefunga injini hii. Wekesa akapitisha kidole kwenye paipu, injini ikiwa imezimwa. Kidole kikatoka kikavu.

"Haivuji, Mama. Uliza mtu wako."

Mtu wake ni mimi.

Jumatano, 3 Septemba

Kufuli kwenye tangi. Ufunguo Mama ameufunga kwenye pindo la leso yake. Watu wa foleni wameona. Mwenye gunia la kwanza akasema, "Mombasa, kumbe dizeli ndiyo chai yako?" Wakacheka. Mwingine akasema namuuzia dereva wa trekta la miwa. Hapo hawakucheka. Niliona vile hawakucheka. Mwizi wa sokoni hapa hapelekwi polisi kwanza.

Sikuiba.

Ijumaa, 5 Septemba

Tangi lina kufuli, dizeli bado inapungua. Nilidhani hilo litanisafisha. Wapi. Mama anasema nimechongesha ufunguo. Kesho jioni nibebe vitu vyangu.

Nimemwambia siondoki. Alidhani hakusikia vizuri. Nikarudia. Nikiondoka kesho nitaitwa mwizi mpaka nife. Nitaondoka siku nyingine, nikitaka mwenyewe.  

Mchana akaja Kukhu Mmbone, nyanya jirani ambaye huchukua pumba ninayofagia, alishe kuku wake. Amewaka.

"Wewe Mombasa! Pumba yako inanuka rori! Zamani ingokho zangu zilikuwa zinaipigania. Sasa zinaniangalia tu, kama mimi ndiye nimezitukana."

Nimecheka, mara ya kwanza wiki hii. Kisha nikaacha kucheka. Nikaenda nje, nikachota konzi ya pumba, nikanusa.

Dizeli.

Pumba ndiyo imekuwa ikiinywa. Na kila asubuhi mimi ndiye naimwaga, kila jioni mimi ndiye naifagia. Hakuna aliyeona sakafu imelowa kwa sababu niliifuta mwenyewe. Mjinga, ndiyo. Mwizi, hapana.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo sikumwaga pumba. Nimefuta paipu yote, nikaipaka unga mkavu, kutoka tangini hadi kwenye pampu. Injini ikiwa imezimwa, unga ulibaki mweupe. Nikawasha. Injini ikaanza kutikisika. Nyuma ya chujio la dizeli, upande wa ukutani ambako mkono hauingii vizuri, unga ukawa kijivu, kisha ukalowa.

Hapo kulikuwa na donge. Siku zote nilidhani ni unga ulioganda. Nikakwangua kwa kucha. Sabuni ya kipande. Wekesa aliziba kiungo kwa sabuni siku aliyofunga injini, halafu akasahau au akajisahaulisha. Sabuni ni ya kukufikisha nyumbani. Si ya kuishi nayo.

Sikuzima. Nilimwita Mama mbele ya foleni yote, nikamwambia aweke kidole chake mwenyewe. Akaweka. Kikalowa. Tone likafuata tone, likashuka ukutani hadi chini. Yule aliyenitania kuhusu chai akaanza kufunga gunia lake, lililokuwa limefungwa tayari. Kukhu ndiye aliyesema.

"Kumbe mwizi ni sabuni. Basi mfukuzeni!"

Nikazima, nikafunga koki, nikafungua bolti. Washa ya shaba, pete ya kuziba kiungo, ilikuwa imekuwa ngumu, haikamati tena. Nikaichoma kwenye jiko la mama wa mandazi mpaka ikawa nyekundu, nikaitumbukiza majini. Shaba ikichomwa hulainika. Nilionyeshwa hivyo kwenye mashine za maji kule kwetu Tana. Nikairudisha, nikakaza, nikatoa hewa kwenye paipu. Ikawaka. Nikapaka unga tena. Ukabaki mweupe mpaka tulipofunga.

Vitu vyangu sikubeba. Hakuna aliyeniuliza.

Jumapili, 7 Septemba

Hatusagi leo. Mvua tangu asubuhi, ikakatika mchana.

Mama Ayuma amekuja na obusuma, ugali wa hapa, na ingokho kwenye sufuria, amefunika kwa sahani. Hakusema pole. Firigisi aliiweka juu, upande wangu. Hapa firigisi haipewi mtu hivi hivi, ni ya mtu wa heshima. Najua maana yake. Sikuigusa.

"Mama, kufuli kwanza."

 Akafungua pindo la leso, akatoa ufunguo, akafungua kufuli tangini.

Tumekula. Firigisi ilikuwa ngumu kidogo. Nimeitafuna polepole, yote. Nje Kukhu alikuwa akifukuza kuku wake kutoka kwenye pumba safi ya jana, akidhani bado inanuka. Hawakutoka.