Kuku Aliingia, Wewe Ukabaki Nje

Kaka yangu Okello,

Barua hii naiandika wazi kwa sababu sijui pa kuituma. Gereji ile ya Kisenyi ulikokuwa ukinyoosha mabati ya magari, na kulala humo humo ndani ya magari, imebomolewa. Mafundi wenzako wanasema hawajakuona tangu mvua zianze. Labda mmoja wa watakaoisoma anakujua: mrefu, ana pengo la jino la mbele, hucheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe.

Unakumbuka Mbuya, tulivyojibana watu saba kwenye ile nyumba ya askari ya mabati, pazia katikati? Baba akitoka lindo alitaka kimya, nawe unaniigizia sajenti jirani anavyompigia mkewe saluti, mpaka nacheka na tunatimuliwa sote wawili. Na siku nilipopoteza kofia ya kazi ya Baba, ukasema ni wewe. Ulichapwa vibaya. Nilipokuja kulia kando yako ukaniambia, "Wewe nyamaza tu. Mimi mgongo yangu imezoea."

Ndiyo maana ile Jumapili hainitoki moyoni. Wakwe zangu walikuwa wamefika kwangu Bukoto kwa mara ya kwanza, wamekaa sebuleni, chakula kinapakuliwa. Ukabisha hodi, na harufu ya waragi ikabisha kabla yako. Kwapani ulikuwa na kuku wa kahawia, miguu imefungwa kwa kitambaa. "Dada, naletea watoto kuku. Fungua basi."

Nilifungua kidogo, kiasi cha mkono kupita. Nikakuambia, "Kwanza uache pombe, ndipo uje kwangu." Kisha nikampokea kuku, nikafunga mlango. Funika kombe mwanaharamu apite, nilijiambia, wakwe wasione. Hukupiga kelele wala hukunitukana. Nilikusikia nje ukisema, "Sawa. Lakini mpe maji, hajakunywa tangu asubuhi."

Kuku nilimpa maji. Sikuthubutu kumchinja, na watoto wamempa jina lako, jambo ambalo najua lingekufurahisha kupita kiasi.

Juzi ofisi ya divisheni yetu iliitisha mkutano wa wananchi. Kuna pendekezo kwamba sehemu ya fedha za umma itumike kufungua nyumba ya malazi kwa watu wasio na pa kulala. Nilikwenda kwa ajili yako, nikakaa mstari wa mbele na gauni langu la gomesi, lile la kanisani. Akasimama mfanyabiashara mmoja, mtu mzima, akasema, "Banange, jamani, hii pesa ni ya kodi yetu! Mtu alete kitambulisho, alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Na hao walevi, kwanza waache pombe, ndio tunawapa kitanda."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Nami nilipiga, kaka. Nilipiga kwa nguvu, na mikono ilikuwa bado hewani nilipotambua kwamba yale maneno ni yangu.

Nikasimama. Nikasema mwenyekiti huandikia barua wakazi wake, sasa asiye na makazi aandikiwe na mwenyekiti gani? Nikasema pombe haiachwi ukiwa umelala juu ya boksi lililolowa. Mtu hulala kwanza, akala, ndipo akili ikarudi. Kuhusu kodi, nikawaambia ndugu yangu amelipa kodi kuliko wengi mle ndani, tena chupa kwa chupa. Wakacheka.

Yule bwana akageuka kunitazama. "Nyabo, mama, kumbe wewe iko na mtu huko?"

Nikawasimulia yote, kuanzia hodi yako. Nikasema kuku aliingia nyumbani kwangu bila kitambulisho wala barua, na ndugu yangu wa tumbo moja akabaki nje. Yule bwana alikaa chini polepole, akavua kofia yake na kuishika magotini.

Hawajaamua. Wanasema bajeti ni finyu, watapiga kura mwezi ujao. Nitarudi, na nitadai nyumba ambayo mtu huulizwa jina tu, na hata hilo akipenda. Lakini naona haya kuwadai wakubwa kitu nilichokunyima mimi, bila bajeti yoyote, nikiwa na kitasa mkononi. Nilikupenda hata wakati ule, kaka. Nilikupenda, na nilikuonea aibu, na aibu ikashinda. Nisamehe.

Shemeji yako nimezungumza naye, amekubali. Kitanda kipo chumba cha watoto, wao watabanana, kubanana hakujaua mtu katika ukoo wetu.

Mungu akutunze popote ulipo, akukinge na hii mvua. Usingoje kura yao. Na usingoje kuacha pombe, omera, ndugu yangu. Njoo umelewa.

Dada yako mdogo,
Bukoto