Leso Yako Mezani kwa Madam

Dadangu Rehema,

Huku Jeddah jua lachoma hata kivulini. Juzi kwenye televisheni nimeona Wamarekani wakiandamana na picha kubwa ya kijana waliyemchora, aliyeuawa na polisi. Sisi wafanyakazi wa nyumbani wa mtaa huu wa Rawdah tukiandamana, ni jela. Mwenzetu Atieno wa nyumba ya pili ametolewa maiti, wakasema aliteleza bafuni. Basi nikaanika ile leso uliyonipa, maandishi yakiwatazama mabosi wake: MUNGU HALALI. Wenzangu majirani wakaanika zao.

Madam akauliza imeandikwa nini. Nikamsomea. Yeye akasikia "halali" ya Kiarabu, akafurahi, akaitandika mezani. Jana bosi wake Atieno alialikwa, akala juu yake, akajipangusia mdomo.

Nibusie wanangu. Na unitumie leso nyingine, maneno yale yale.

Mwanaidi