Mbuzi wa Asilimia Kumi

Jumatatu, 6 Juni 1994

Leo nimepewa mbuzi. Mbuzi mzima, jike, mweusi mwenye baka jeupe usoni — na sijui nimlaze wapi!

Ni Mzee Lenku, yule wa Handeni aliyekuwa akila hapa hotelini Korogwe wakati mkewe amelazwa. Mama Noonkipa alikuwa hawezi kumeza kitu ila uji. Nikawa namwomba Dorkasi jikoni aupike mwepesi, mzee analipia, kisha mimi naupeleka wodini saa yangu ya mapumziko. Mama amepona. Leo mzee kaja na mbuzi kwenye kamba, kaingia naye mpaka kaunta! Abiria wa basi la Arusha wakacheka. Nikainama, akanigusa kichwani. Akasema kuanzia leo mimi kwake si Swaumu tena, ni Pakine. Kwao, mtu ukimpa mbuzi mnaitana hivyo, wewe na yeye, mpaka kufa. Mbuzi huyo hauzwi wala haliwi hovyo. Anazaa, na wanawe wanajulikana ni wa udugu huo.

Nimemfunga nyuma ya jiko. Jumapili ni zamu yangu ya kupumzika, nampeleka kwetu Kwedizinga. Mama yangu atapiga vigelegele.

Jumanne, 7 Juni

Bosi kamwona.

Huyu Elisha, tangu ainunue hoteli kutoka kwa ushirika, kila kitu kipya. Viti vya plastiki. Soda za kopo. Na asilimia kumi ya huduma kwenye bili — kajifunza Arusha, kwenye hoteli za watalii. Bakshishi marufuku. Hata chenji iliyoachwa mezani iende kaunta. Alisema huduma itakusanywa, tutagawana wote mwisho wa mwezi, wahudumu na wapishi. Mwezi umekwisha, na mwingine, na mwingine. Tukiuliza, hesabu bado. Na wateja wakishasoma bili wanafunga pochi. Si wameshalipa?

Kaniita. Mbuzi wa nani? Nikamweleza. Kauliza, mzee alilipia uji? Alilipia. Huduma ilikuwemo? Ilikuwemo. Basi, anasema, hiyo ni bakshishi. Ina miguu minne, lakini ni bakshishi! Nikacheka nikidhani anatania. Hakucheka.

Alhamisi, 9 Juni

Kikao asubuhi, kabla mabasi hayajaingia. Bosi anasema huduma ni ya wote, kwa hiyo mbuzi ni wa wote. Jumamosi Mdoe, mchoma nyama wetu, atamchinja, kila mtu aondoke na nyama yake. Na hiyo ndiyo huduma yetu ya miezi yote iliyopita. Tumemalizana!

Yaani anawalipa watu kwa mbuzi wangu! Nilidhani watapiga kelele. Mdoe akauliza tu utumbo utakuwa wa nani.

Nimemfuata Dorkasi jikoni. Nikamwomba amlaze mbuzi kwake Ngombezi mpaka Jumapili tu. Akaendelea kukuna nazi. Akaniuliza, uji alipika nani? Aliyekuja kuwasha moto kabla ya jua alikuwa nani? Wewe ulishika bakuli tu, Swaumu, ukapewa mbuzi na jina juu yake. Mimi mzee hajui hata sura yangu. Wanangu hawajaonja nyama tangu Pasaka.

Imeniuma kwa sababu ni kweli. Sikuwahi kumtajia mzee kwamba yupo Dorkasi. Nikamwambia mbuzi akizaa, wa kwanza ni wako, naapa. Akasema watoto wake hawali mimba. Nimetoka jikoni bila hata kuaga.

Ijumaa, 10 Juni

Nimeomba ruhusa niende Kwedizinga leo. Nimenyimwa. Nikasema basi naacha kazi! Bosi wala hakuinua macho. Mlango uko wazi, anasema, wasichana wamejaa stendi.

Ada ya mdogo wangu Justa inatoka hapa, na dawa za mama zinatoka hapa. Nikachukua kitambaa nikafuta meza ambayo ilikuwa imeshafutwa. Najichukia nikinyamaza hivyo.

Mbuzi ameanza kunizoea. Nikipita ananifuata mpaka kamba inaishia.

Jumamosi, 11 Juni, asubuhi

Naandika stoo, nimekalia gunia la mchele.

Mzee Lenku yupo! Na Mama Noonkipa, anatembea mwenyewe, kavaa shanga zake zote. Wametoka hospitali, mama kapimwa tena, wanangoja basi la Handeni. Kaniita mbele ya watu: Pakine! Nikaitika: Pakine! Mama kanishika mkono, hataki kuuachia. Nyuma ya jiko Mdoe alikuwa ameshamfunga mbuzi miguu.

Bosi akanivuta kaunta, akanong'ona. Akikuuliza, mwambie mbuzi ameshafika kwa mama yako. Mzee ana mifugo, nataka awe ananiletea mbuzi wa supu kila wiki. Ukiniharibia, leo leo unaondoka. Dorkasi alikuwa kwenye dirisha la jiko, anasikia yote. Nikamtazama. Akageukia sufuria yake.

Nikapeleka chai. Mama akanishika mkono tena. Mzee akauliza: Pakine, mbuzi wetu hajambo?

Nikasema hajambo. Yuko Kwedizinga. Anakula vizuri.

Nimesema hivyo! Kwa mdomo wangu huu, na mkono wangu ukiwa mkononi mwa mama!

Mzee akafurahi sana. Akawaambia watu wa meza ya pili, abiria asiowajua, kwamba binti huyu ni ndugu yake. Bosi akaleta bili mwenyewe, meno nje, asilimia kumi ndani kama kawaida. Mzee akalipa bila kuuliza. Akasema chakula cha hapa kizuri na watu wake ni wazuri.

Ndipo mbuzi akalia.

Mara moja tu. Wateja wengine hata hawakugeuka, Korogwe mbuzi wangapi? Lakini mzee alikuwa ameinua kikombe, akakiteremsha polepole. Mbuzi aliyezaliwa bomani kwake, atakosaje kumjua sauti? Hakunitazama. Alimtazama mkewe. Mama akaachia mkono wangu.

Nikasema naleta sukari. Sukari iko mezani!

Sasa nasikia kiti kinaburutwa. Bosi anasema, mzee, huko ni jikoni, wateja hawaruhusiwi. Nasikia fimbo ya mzee kwenye sementi, inakuja upande huu. Sauti ya Dorkasi: Mdoe, hebu subiri kwanza. Sijui anasubirishwa nini. Nikitoka nitasema nini? Na nisipotoka?

Fimbo imesimama karibu na mlango wa stoo. Ananiita. Wala hana hasira, sauti yake ni ya kawaida tu, kama mteja yeyote anavyoita mhudumu.

Anasema, Swaumu.