Njia Nyeupe, Baba

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, hata padre kwenye kitubio. Siku ile tulipogonga ng'ombe tukitoka Ugalla, macho yako hayakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekwambia njia ni nyeupe, na sikuwa nimetazama.

Unakumbuka tulivyokuwa tukisafiri. Pikapu yako ilivuka kutoka Burundi, usukani wake uko kushoto, na barabara za kwetu zinamtaka dereva akae kulia. Ukiwa nyuma ya lori huoni mbele. Anayeona ni yule wa kiti cha kulia, na tangu nikiwa darasa la tano kiti hicho kilikuwa changu. Ulikuwa unauliza, ukiniita Mwalimu kwa ajili ya vitabu vyangu, "Mwalimu, njia ikoje?" Nami nachungulia dirishani, nakujibu "Bado" au "Nyeupe, Baba." Ukisikia nyeupe unapita, huulizi mara ya pili.

Siku ile nilikuwa na kitabu mapajani, zimebaki kurasa mbili kimalizike. Ukauliza. Nikasema nyeupe bila kuinua kichwa.

Nakumbuka honi, vumbi, madebe ya asali ya Shangazi yakigongana nyuma. Kisha mkokoteni wa yule mzee wa Kisukuma umelala ubavu, na ng'ombe wake mmoja anajaribu kusimama, hawezi. Ulishuka ukamshika yule mzee mikono yote miwili. "Nisamehe, ndugu yangu. Macho yangu yamezeeka." Mimi nilibaki kitini kwangu. Uliporudi garini ukaokota kitabu changu kilichokuwa kimeanguka miguuni pangu, kikiwa wazi, ukakipangusa, ukanipa. Nadhani ulijua, Baba. Nimeliwaza mara nyingi, na kila mara nafika hapo hapo.

Baada ya hapo hukulipita gari lolote tena. Ulikula vumbi la malori mpaka Mpanda, na vijana wa stendi wakakupa jina, Mzee Nyuma-Nyuma. Ukanunua miwani sokoni. Ilikuumiza kichwa, ukaivaa tu, mpaka wiki ile homa ilipokulaza hospitalini na tukarudi nyumbani bila wewe.

Sasa nikueleze yaliyotokea tangu hapo.

Matanga yalipokwisha, Baba mkubwa alisimama mbele ya watu wote. Akasema gari haliwezi kuota nyasi hapa Nsemulwa wakati yeye ana mahindi yanaoza shambani Sibwesa. "Nyie nani atalitoa? Mama yenu? Au huyu wa vitabu?" Watu wakacheka. Unanijua, hata darasani huwa naomba Mungu mwalimu asinitaje jina. Lakini nikasema, "Nitalitoa mimi." Akaniambia niseme kwa sauti. Nikasema tena. Akakubali: shule zikifungwa, kama hakuna mwenye leseni katika nyumba hii, analichukua.

Nilipotimiza miaka kumi na nane nikapata leseni ya kujifunzia. Mjomba Zakayo, kaka yake Mama, yule wa lori la tumbaku, akakubali kunifundisha Jumapili baada ya misa. Siku ya kwanza uwanja wa mpira ulijaa watoto. "Kimbieni! Dereva msichana huyo, hana breki!" Gari lilizima mara kumi na moja. Kila likizima nilikuwa naandika sababu kwenye daftari, mpaka Mjomba akaninyang'anya kalamu. "We mtoto! Klachi haisomwi, inasikilizwa kwa mguu!"

Kwa hiyo nikafanya mazoezi ya mguu. Jioni nilikaa kwenye kigoda, nikapanga ndala mbili na kipande cha tofali mbele yangu: klachi, breki, mafuta. Mama akasimama mlangoni akaniangalia muda mrefu. "Unafanya nini?" Nikamwambia nabadilisha gia. "Haya," akasema, "ukifika Tabora nisalimie watu." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu uondoke.

Wiki ya tatu gari halikuzima. Wiki ya sita niliweza kupiga balansi, kulishikilia gari kwa klachi tu, kwenye kile kilima cha kanisani, pale mvua za Elnino zilipochimba makorongo, bila kurudi nyuma hata hatua moja.

Lililobaki lilikuwa kupita. Baba, nilikuwa naogopa kupita kuliko kitu kingine chochote. Nikiwa nyuma ya lori nilikuwa naona ule mkokoteni tu.

Siku moja Mjomba alikaa kiti cha nyuma, Mama akakaa kiti cha kulia. Mbele yetu lori la mahindi linajivuta. Nikamuuliza, "Mama, njia ikoje?" Akajibu haraka, "Nyeupe!" Nikamgeukia kidogo. Alikuwa amefumba macho, rozari mkononi, anasali.

Nikapunguza mwendo, nikasimama pembeni. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Mama naye akacheka, akasema, "Nilitaka uamini tu, mwanangu." Mimi nililia. Walidhani ni woga.

Tangu siku hiyo nilibadilisha uendeshaji. Sikai tena karibu na mkia wa lori. Nabaki nyuma mbali, mpaka niione barabara mwenyewe kwa pembeni, kwenye kona ya kulia na kwenye mteremko. Wa kulia namuuliza bado, lakini yeye ananisaidia tu kuona. Nikikosea, nitakuwa nimekosea mimi. Mjomba alisema hivyo ndivyo madereva wa usukani wa kushoto wangepaswa kuendesha siku zote. Sikusemi wewe, Baba. Wewe ulikuwa na mtu uliyemwamini.

Wiki iliyopita nilifanya mtihani. Afande wa trafiki alizunguka gari, akauona usukani uko kushoto, akauliza kama nimelitoa kwa Wabelgiji. Njiani tukawa nyuma ya lori, akachungulia akaniambia, "Pita, kuko wazi." Nikasema, "Samahani afande, bado sijaona." Akasema kwa mwendo huo tutafika kesho. Nikabaki pale pale mpaka lori likaingia njia ya kijijini. Kisha kwenye kurudi nyuma kati ya mapipa niligonga pipa, moja, na akanifelisha kwa hilo pipa. Lakini alipokuwa anaandika akasema, "Rudi Jumanne. Na uendelee na ubishi wako."

Kwa hiyo Jumanne narudi. Shule zinafungwa Ijumaa.

Nisamehe kwa ng'ombe yule, kwa jina lile la stendi, na kwa kukuacha uumwe kichwa na miwani usiyoihitaji. Nakuahidi sitamwambia mtu tena njia ni nyeupe kabla ya kutazama, iwe barabarani au kwingine. Pumzika, Baba yangu. Hapa nyumbani nitapaangalia.

Binti yako

*

Baba, naongeza hapa, leo ni Jumapili.

Jumanne nilirudi nyuma kati ya mapipa mara mbili bila kugusa. Nimepata leseni. Ijumaa Baba mkubwa alikuja, akaishika, akaigeuza upande wa pili, akanirudishia. Akanywa chai, akaenda zake bila gari.

Jana nilimchukua Mama tukaenda Ugalla kuleta asali ya Shangazi. Baada ya misitu kuanza tulilikuta lori la mbao. Nilibaki nyuma yake kama kilomita nne. Barabara ilipopinda nikaiona yote mpaka mbali, tupu. Nikamuuliza Mama, akatoa kichwa dirishani, akatazama kweli, akasema nyeupe. Nikapiga honi, nikaingiza gia ya tatu, nikapita.

Tulifika saa saba mchana. Tukapakia madebe sita, nikayafunga kamba mwenyewe, tukala ugali, tukarudi.