Mikaratusi Yangu na Duara la Masanja

Jumapili, Oktoba 1985. Joto, vumbi, na mawingu yasiyo na nia ya kunyesha.

Shajara, niwie radhi. Tangu pamba ivunwe sijakuandikia. Wino ulikuwepo, ingawa mwaka huu hata sabuni inatafutwa kwa tochi. Kilichokosekana ni sentensi ambayo isingekuwa tusi.

Leo nimezipata chache.

Miaka yote niliyofundisha Kiingereza, kila darasa nililipatia mfano uleule wa kitenzi "strengthen": tunaimarisha ukuta kwa miti. Niliwaeleza kwamba maana yake ni kukiongezea nguvu kitu ambacho tayari kinazo kidogo. Ukuta uliokwisha kuanguka hauimarishwi, unajengwa upya. Niliwaeleza pia kwamba kitenzi hicho hutumika bila kutaja mtendwa, pale kitu kinapopata nguvu chenyewe, kama upepo wa jioni, au mgonjwa anayeanza kula. Walinakili. Sikujua kama yupo aliyesikiliza.

Alikuwepo mmoja, naye ni mwanangu.

Masanja aliacha chuo cha ualimu mjini Shinyanga akaenda upande wa Geita kuchimba dhahabu. Sikumpa baraka. Jana alirudi, macho mekundu, nywele zimejaa vumbi jeupe la mawe. Alinipa shikamoo, nikaitikia, akachuchumaa mbele yangu kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Baba, naomba ile mikaratusi yako. Nataka kuimarisha duara."

Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Nilimwambia kwamba shimo haliimarishwi. Huimarishwa kuta zake.

"Sawa, Mwalimu. Basi naomba miti ya kuta zake."

Mama yake alicheka jikoni. Mimi sikucheka.

Akaeleza. Wenzake wanaamini duara lao limekwisha kuimarishwa. Walimleta mganga, akachinja mbuzi mweusi kwenye mdomo wa shimo, kisha akawakataza kukata miti mahali pale mpaka dhahabu ionekane, eti mlio wa shoka huikimbiza. Wakakubali. Kila siku wanateremka kwa kamba, udongo ukiwadondokea mabegani, nao wanamshukuru mbuzi.

"Niliwaambia mbuzi aliyekwisha kuliwa hazuii udongo," alisema Masanja. "Wakanicheka. 'Wewe mtoto wa chaki, unaogopa giza tu!' Lakini wamekubali nilete miti iliyokatwa mbali. Shoka la huku halisikiki kule."

"Usiteremke."

"Jumatano ni zamu yangu, Baba. Nitateremka, iwe kwa miti au bila miti."

Mwezi uliopita duara la jirani zao lilititia. Aliyefukiwa alikuwa kijana wa Ushirombo. Masanja alisimulia hayo akitazama vidole vya miguu yake, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima nilimwona anaogopa. Anaogopa, na bado atateremka.

Mikaratusi hiyo niliipanda mwaka tuliohamishiwa kijijini hapa, tulipoiacha nyumba ya marehemu baba yangu ikipigwa na mvua. Niliipanda ili siku moja nijenge nyumba yangu mwenyewe. Siku hiyo imefika. Mchwa wamekula nguzo za nyumba hii, na ukuta wa chumbani umeegama hata tumekihamisha kitanda. Nilikwisha kupanga kuikata miti kabla ya mvua.

Katika kila mkutano tunahimizwa tuimarishe kijiji, tuimarishe ushirika, tuimarishe kilimo. Mimi huketi nyuma, nikiuwaza ufa wa ukuta wangu. Neno nililolifundisha kwa uangalifu limechakaa midomoni mwa watu wasioshika hata mti mmoja. Na sasa mtu wa kwanza kulitumia kwa maana yake kamili amekuja kulitumia dhidi yangu.

Nikimpa miti, nitakuwa naimarisha nini? Kuta, ndiyo. Pia ukaidi wake. Mwakani atataka shimo refu zaidi, na watu watasema hata Mwalimu amekubali. Nikimnyima, sitakuwa nimemzuia. Nitakuwa nimemteremsha mikono mitupu, akiwa amezungukwa na watu wanaomtegemea mbuzi.

Uchungu wangu ni huu: kati ya yote niliyomfundisha, ameshika kiasi cha kumwonyesha hatari tu. Kiasi cha kumrudisha nyumbani hakukishika.

Nyumba yangu ikianguka, tutalala uani. Duara lake likianguka...

Sitaimaliza sentensi hiyo.

Mama Masanja hajanitajia jambo hili tangu jana. Leo baada ya misa nimemkuta ameinama uani, ananoa shoka juu ya jiwe. Nikamuuliza anataka kukata nini.

"Kuni," alijibu bila kuinua uso.

Kuni tunazo za kutufikisha Krismasi.

Masanja amelala kivulini upande wa zizi, kofia usoni, lakini najua hajasinzia. Lori la kuelekea machimboni linapita kesho kutwa. Ukurasa unaofuata nauacha mtupu, nami nitauandika nikishaamua, si kabla. Na shoka likilia kabla yangu, basi atakuwa ameamua Mama Masanja.