Chupa Juu ya Dashibodi

Jumatatu, 2 Juni

Machakos. Miaka thelathini na mmoja na miezi minne tangu nitoke Kathiani. Naandika hesabu hii kila Jumatatu, kama mtu anayesoma mita ya maji.

Nimewasha pikapu, nikaiacha ingurume huku nikinywa uji. Imetetemeka tena. Usukani, vioo, kiti. Ukikanyaga mafuta kidogo, inatulia. Ukiachia, inaanza. Jana haikutetemeka. Juzi pia. Alhamisi ilitetemeka.

Haya yalianza baada ya Kioko kubadilisha klachi mwezi uliopita. Alisema amebadilisha na mpira wa kushikia injini, upande wa kushoto. Nimempelekea gari mara tatu tangu siku hiyo. Kila mara, pale gereji kwake, injini imetulia kabisa. Akabadilisha plagi, akasafisha hiki na kile, yote kwa mpigo mmoja. Nilitunza maabara ya shule miaka ishirini na sita. Anayegusa vitu vitatu kwa wakati mmoja hajui kipi kimeponya na kipi kimeharibu. Kioko hataki kujua.

Jumanne, 3 Juni

Mara ya nne kwa Kioko. Imetulia. Alibamiza boneti, akanitazama mikono mbele ya wateja.

"Mzee, hii gari haina shida. Ni wewe unatetemeka."

Wakacheka. Mmoja akaongeza, "Kioko, si umkaze bolti basi!"

Namchukia. Kinachonichoma zaidi ni kwamba mikono inatetemeka kweli, tangu mwaka jana. Kikombe nakishika kwa mikono miwili.

Jumatano, 4 Juni

Mwende amekuja na machungwa. Binti yangu wa pekee, muuguzi. Kioko alimpigia simu. Walisoma darasa moja. Nikawasha gari mbele yake. Imetulia. Akanitazama vile wauguzi hutazama.

Kisha akasema kilichomleta. Ndunda, mdogo wangu, ana chumba Kathiani. Kimepakwa rangi. Pikapu iuzwe, nirudi nyumbani nikae karibu na watu. Ndunda atakuja Jumamosi na mnunuzi.

"Baba, fundi anasema gari ni nzima. Wewe unasema inatetemeka. Unataka nifikirie nini?"

Swali la haki. Nilimjibu vibaya.

Tumepatana hivi: Jumamosi, mbele ya wote, nionyeshe kwamba ubovu uko kwenye gari. Nikiweza, habari ya chumba imekwisha. Nisipoweza, natoa funguo na kufungasha vitabu vyangu nirudi Kathiani.

Jioni nimembebea mtu mbolea kwa pikapu. Huenda ni mara ya mwisho.

Alhamisi, 5 Juni

Imetetemeka. Hakuna shahidi.

Nadhani ni mzigo. Jumapili nilibeba mbolea, Jumatatu ikatetemeka. Jana mbolea, leo vivyo hivyo. Siku zisizo na mzigo, hakuna kitu. Lakini asubuhi huwa tupu. Mzigo wa jana unatikisaje injini ya leo?

Sikutoka leo. Nimekaa na chuki za zamani. Baba alipofariki, nilisema mstari wa mikonge ya mpakani umesogezwa hatua tisa kuingia upande wangu. Nilikuwa nimepima mara mbili. Mbele ya ukoo Ndunda akasema, Mutua amesoma mpaka amechanganyikiwa. Walicheka kama walivyocheka Jumanne. Kesho yake niliondoka na mke wangu, Mwende mgongoni, na sanduku la vitabu.

Usiku ule wa kikao hata mimi nilianza kujishuku. Leo pia.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeipata.

Asubuhi ilikuwa inatetemeka. Lori la jirani likaja na kokoto, dereva akapiga honi nimpishe. Nikatoa pikapu bila kuzima injini. Lori lilipopita, nikarudi mahali pangu, safari hii mbele kwa mbele, pua ikitangulia. Kimya. Dakika nne, injini ileile, mafuta yaleyale. Kilichobadilika ni upande linakoelekea gari.

Siku za mzigo huingia kinyumenyume, ili nyuma iwe karibu na bomba la kuoshea. Siku nyingine huingia mbele kwa mbele. Na uwanja wangu una mteremko wa ubavuni.

Nikachukua chupa ya soda, nikaijaza maji nusu, nikaikaza kifuniko. Nikailaza kwa upana juu ya dashibodi, nikaizuia kwa vitabu viwili. Hivi ndivyo Baba alivyotufundisha kupima matuta ya shamba, mimi na Ndunda: chupa juu ya ubao, maji yakikaa sawa ncha hadi ncha, chimba hapo. Gari lilipoingia mbele kwa mbele, maji yalikimbilia kulia na kutulia. Nilipoligeuza yakakimbilia kushoto, na yakaanza kutetemeka. Nilishuka, nikaweka mikono nyuma. Yakaendelea kutetemeka bila mimi.

Nimelala juu ya gunia na tochi. Mpira wa injini wa kushoto ni kipande cha tairi. Mistari ya tairi bado inaonekana, kama soli ya kiatu cha akala. Ni chembamba mno. Gari likisimama sawa, chuma na chuma vimeachana nafasi ya jalada la daftari. Likilalia kushoto, vinagusana. Na gereji ya Kioko ni tambarare.

Kuinuka kumenichukua muda mrefu. Sijali. Hasira yangu leo ni safi.

Jumamosi, 7 Juni

Wamekuja. Mwende. Kioko, kwa boda boda. Ndunda na mnunuzi wake. Ndunda amenenepa. Hakunipa mkono; aliipiga pikapu ubavuni kama anayechagua ng'ombe.

Nikaingiza gari kinyumenyume, nikalaza chupa.

"Aiya! Mzee amefungua maabara," Kioko akasema. Mnunuzi akacheka.

Nikashuka, nikarudi hatua kumi, mikono nyuma. Maji yakatetemeka.

Mwende alitazama chupa, kisha mikono yangu, kisha chupa.

Nikageuza gari. Yakatulia. Nikageuza tena. Yakatetemeka. Hakuna aliyecheka. Nikampa Kioko gunia na tochi. Hakuinama.

"Hiyo tairi ilikuwa ya muda tu, mzee. Spea haikupatikana."

"Na mara nne nilizokuja?"

Akanirudishia tochi. Mwende akamwambia maneno ambayo sitayaandika. Sikujua anayajua. Nilifurahi sana.

Kioko na mnunuzi wakaenda zao. Ndunda alibaki ameinama dirishani, akitazama chupa. Aliijua.

"Bado unapima tu, Mutua."

"Hatua tisa," nikamwambia.

Hakubisha. Hakukubali. Alifunga vifungo vya koti, akasema chumba bado kipo. Alipofika langoni nilitaka kumwita. Sikumwita.

Jumapili, 8 Juni

Baridi. Jana alasiri Mwende alinunua mpira mpya, na fundi mwingine akaufunga bila maneno mengi.

Asubuhi nimeiwasha ikiwa imeingia kinyumenyume. Chupa juu ya dashibodi. Maji yamelalia kushoto, hayasogei. Nimekunywa uji ndani ya gari, kikombe kwa mikono miwili.

Kule Kathiani watakuwa wanapura maharagwe. Mwende anasema matuta tuliyochimba na Baba bado yanazuia maji. Nimefurahi kusikia hivyo. Faida sasa ni ya Ndunda, na bado nimefurahi.

Amepiga simu kuuliza amwambie nini baba yake mdogo kuhusu chumba. Nimemwambia wakitumie kuwekea mahindi.

Kesho ni Jumatatu. Sitaandika hesabu. Sitarudi Kathiani.